Ncha ya Tano

Mkono wangu wa kulia umeanza kutetemeka, na mwandika mabango anayetetemeka ni sawa na kinyozi asiyeona. Daktari alinusa shati langu kabla hata hajaniuliza jina. "Wewe ni mtu wa tapentaini," akasema. "Iache, la sivyo kifua kitakuacha wewe." Basi nimeiacha, na rangi zinazochanganywa nayo pia. Nina miaka arobaini na sita. Sanduku la brashi nimelifunga, ufunguo anao mke wangu, na nyinyi vijana wa Kariokor mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa. Naandika polepole. Shule niliachia darasa la nne. Mkiona herufi zimenyooka msishangae, hizo ndizo zimenilisha. Yanayonishinda ni maneno.

Habari za pesa sitaandika. Anayetaka kujua nilipata kiasi gani, apite Kayole atazame ile nyumba ya mawe yenye geti la buluu, kisha aulize ilijengwa na nani. Ilijengwa na brashi namba sita. Wako watu waliosoma mpaka wakavaa miwani na bado wanapanga chumba kimoja Makongeni.

Nilikuja Nairobi mwanzoni mwa miaka ya sabini kutoka Kitui, nikabeba mawe kwenye machimbo ya Njiru hadi mgongo ukakataa. Hapo ndipo nikaenda kwa Njoroge, mwandika mabango. Njoroge alikuwa mtu wa Murang'a, mfupi, kofia ya sufu kichwani hata Januari. Karakana yake ya mabati ilikuwa nyuma ya soko la Kariokor, katikati ya washona ngozi na wakata viatu vya matairi, kwa hivyo rangi yetu ilikauka ikiwa na harufu ya ngozi mbichi na mpira.

"Unajua kusoma?" akaniuliza.

"Kidogo."

"Kiingereza?"

"Hapana, mzee."

"Vizuri. Anayejua Kiingereza huanza kusoma huku anaandika, na mtu akisoma mkono unasimama. Wewe utachora tu. Herufi ni picha."

Siku hiyo ya kwanza sikushika brashi. Alirarua gazeti likawa ukanda mwembamba, akanipa. "Funga fundo."

"Mzee, nimekuja kuandika, sikuja kufunga mizigo."

"Wee Kioko, funga. Usivute kwa nguvu. Laza, kandamiza kwa kucha."

Nikafunga, nikakandamiza, nikakata mikia iliyobaki. Mkononi nilikuwa na umbo la pembe tano, zote sawa, kana kwamba limepimwa na mwalimu wa hesabu. Njoroge akaliweka juu ya ubao, akaunganisha pembe kwa penseli, akiruka moja kila mara. Ikatoka nyota. Mpaka leo naona watu wenye rula na bikari wakihangaika, nyota zao zimeinama upande mmoja kama mlevi. Jaribuni lile fundo. Halihitaji shule.

Nikawa bingwa wa nyota. Sisemi hivi kujisifu, ingawa nikijisifu pia nina haki. Kuanzia Shauri Moyo hadi Jericho, mtu akitaka nyota ya dhahabu aliambiwa, mtafute Kioko. Na kila mtu aliitaka nyota! Mwenye bucha alitaka nyota ili watu wajue nyama yake imekaguliwa, hata kama mkaguzi alipita mwaka juzi. Timu ya mpira ya Kaloleni walitaka moja kwa kila kikombe walichoshinda, na kwa kuwa walikuwa hawajashinda hata kimoja, wakaagiza mbili za matumaini. Kinyozi alitaka tano, kama hoteli kubwa za mjini, na alikuwa na kiti kimoja.

Wiki moja baa na kanisa vilivyotazamana kule Makongeni viliniagiza nyota ya dhahabu, kila kimoja bila kujua habari za mwenzake. Nilipomaliza ya baa, mchungaji akavuka barabara, mikono nyuma.

"Fundi, yangu isiwe kama hiyo. Yangu ni ya Bethlehemu, hiyo ni ya bia."

"Mchungaji, nyota ni nyota. Ina ncha tano."

"Kondoo wangu watapotea njia."

"Si wamezoea kupotea upande huu?" akadakia mwenye baa kutoka mlangoni.

Nikamwekea mchungaji nyota ile ile, nikaiongezea mkia. Alifurahi sana. Tangu siku hiyo nilijua kwamba mimi huchora ncha tano tu, na maana huletwa na mteja kutoka kwake, ameibeba mfukoni. Ningelikumbuka hilo vizuri zaidi, haya ninayokuja kuandika yasingetokea.

Sasa nisikilizeni kuhusu dhahabu, maana hapa ndipo kazi ilipo. Dhahabu yetu ilikuwa ya aina mbili. Ya kwanza ni unga wa shaba. Unaukoroga na vanishi, unapaka, unang'aa hata kuliko dhahabu yenyewe. Ya pili ni karatasi za dhahabu, dhahabu kweli, iliyopigwa nyundo ikawa nyembamba hata pumzi yako inaipeperusha. Hukaa kwenye kijitabu, kila jani kati ya karatasi mbili. Kwanza unapaka gundi ya mafuta, unangoja. Unagusa kwa kifundo cha kidole. Ikilia kidogo kama kipanya, iko tayari. Kisha unasugua brashi laini shavuni mwako ipate mafuta ya ngozi, unainua jani, unalilaza. Huruhusiwi kucheka wala kupiga chafya.

Sheria ya Njoroge ilikuwa maneno manne: unga ndani, jani nje. Unga ukikaa chini ya paa unadumu miaka. Ukinyeshewa, shaba inaanza kuoza. Inakuwa kijani, kisha nyeusi. Jani halijali mvua. Njoroge alinikumbusha sheria hiyo mpaka nikaichukia. Hata alipoanza kupungukiwa na macho akaniachia karakana na kuketi nyumbani kwake mtaa wa Bahati, bado alikuwa akiniuliza kila Jumapili, "Unga ndani?" nami namjibu, "Jani nje, mzee," kama watu wa kanisani.

Miaka ya themanini ilipoanza nilikuwa na jina. Niliandika KIOKO kwenye kona ya kila bango, chini kulia, kwa herufi ndogo nyekundu. Ndilo neno pekee nililoweza kuandika bila kutazama karatasi ya mteja. Nilikuwa pia na kijitabu kimoja tu cha majani ya dhahabu, maana yule mfanyabiashara wa mtaa wa Biashara aliyetuuzia alisema hajui kingine kitafika lini. Na nilikuwa nimepata kazi ya hoteli moja mjini, bango la mlangoni, kazi ambayo mawaziri wangepita chini yake. Kile kijitabu kilikuwa cha hoteli. Nilikifunga kwenye kitambaa nikakiweka juu ya kabati.

Hapo ndipo Mama Mumbua akaja.

Alikuwa mama wa Jericho, mwembamba, mke wa dereva wa lori. Mtoto wake Mumbua alikuwa ameondoka kwa homa ya uti wa mgongo, siku tatu tu, msichana wa darasa la sita. Walikuwa wanampeleka kwao Kangundo, na msalaba ulihitaji kuandikwa. Nilikuwa nimeandika misalaba mingi. Lakini huyu mama alitoa daftari kwenye mkoba, akalifungua juu ya meza yangu. Kila ukurasa mwalimu alikuwa amebandika kijinyota cha dhahabu.

"Alikuwa akizihesabu," akasema. "Kila jioni, kabla hajavua sare. Nataka moja juu ya jina lake. Kubwa. Iwe ya dhahabu, fundi, isiwe ya manjano."

"Mwaitu," nikamwambia, maana ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, "mimi ndiye Kioko. Nyota yangu itang'aa mpaka kwa wajukuu wa wajukuu."

Akanishukuru kwa mikono miwili.

Alipoondoka nilitazama juu ya kabati. Nyota ya ukubwa ule ingekula majani sita au saba. Nikajiambia: kaburi liko kijijini, nani atalitazama? Wataomboleza, watarudi mjini, nyasi zitaota. Nikashusha kopo la unga. Nikakoroga. Iling'aa, si uongo. Mama alipokuja kuchukua msalaba alilia kwa sababu ulikuwa mzuri. Jina langu sikuliweka. Nilijiambia mtu haweki jina kwenye msalaba wa mtoto, ni kukosa adabu. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa.

Mvua za masika zilinyesha, zikaisha. Siku moja ya Juni namwona Mama Mumbua tena mlangoni. Nikajua amekuja kunitukana, nikatayarisha majibu.

"Fundi," akasema, "nyota yako ilikuwa nzuri mno. Sina neno na wewe. Lakini imeliwa."

"Imeliwa?"

"Imekuwa nyeusi. Nyeusi kama chungu. Ni Syokau."

Syokau alikuwa mke mwenza wake, mke mkubwa, aliyebaki Kangundo kwenye shamba. Watoto wake wawili hawakuwa wamefika mbali shuleni. Mama Mumbua akanieleza yote akiwa amesimama, kwa sauti ya mtu aliyechoka kulia. Mtoto alipofariki kulikuwa na minong'ono. Nyota ilipoanza kuwa nyeusi, minong'ono ikapata macho. Watu walisema Syokau alikuwa ameiba nyota ya mtoto akiwa hai, yaani ile bahati aliyozaliwa nayo, na sasa hata iliyochorwa ameifuata kaburini. Mifuko yake ya mahindi ilikuwa imepasuliwa ghalani. Hakuna aliyechota maji naye. Jumamosi ya wiki iliyofuata ukoo ungekutana kumrudisha kwa baba yake, baada ya miaka ishirini na miwili ya ndoa, na si wazee wote waliosema kumrudisha tu.

"Nataka nyingine," Mama Mumbua akasema. "Tutaiweka akishaondoka."

Vijana wangu, nitawaambia ukweli. Hakuna aliyenishuku. Mama mwenyewe alikuwa akinisifu. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na jina langu likae safi. Nikanyamaza. Nikamwambia aje Ijumaa. Akaenda.

Jumapili hiyo sikungoja swali la Njoroge. Nilimkuta ameketi mlangoni na kikombe cha chai, macho yake tayari meupe meupe. Nikamweleza.

"Uliweka nini?" akauliza.

"Unga."

"Nje?"

"Nje, mzee."

Akanywa chai yake. Akanywa tena. "Kwa hivyo mchawi wanayemtafuta ni wewe," akasema, "na wewe unakunywa chai kwangu."

"Nikisema, nimekwisha. Nani ataniletea kazi?"

"Mimi nimepofuka na watu bado wananiletea kazi niitazame. Unajua kwa nini? Nenda nyumbani, Kioko. Chai imeisha." Na birika lilikuwa limejaa.

Ijumaa Mama Mumbua alipokuja sikuwa na nyota ya kumpa. Nilimwambia nitaileta mwenyewe Jumamosi, niibandike pale pale. Alishangaa, akafurahi. Nikachukua kijitabu juu ya kabati.

Kangundo nilifika asubuhi. Boma lilikuwa la nyumba mbili za matofali, tangi la maji katikati, na madawati ya kanisa yamepangwa kando yake. Wazee saba. Baba ya Mumbua alikuwa ameinamisha kichwa, hakukiinua siku nzima. Upande mmoja Mama Mumbua na wanawake wengi. Upande mwingine, peke yake kwenye debe lililogeuzwa, Syokau. Mwanamke mnene, mwenye mikono ya jembe, ametandika leso magotini. Hakuwa akilia. Alikuwa anachambua maharagwe.

Nilisalimu, nikaomba kusema kabla hawajaanza. Nilikuwa nimejitayarisha maneno mazuri. Yote yalinitoka.

"Hii nyota haikuliwa na mtu," nikasema. "Niliipaka vibaya. Nilitumia unga wa shaba. Ukinyeshewa unakuwa mweusi. Ni kosa langu."

Kisha ami mmoja wa marehemu, mrefu, wa suti ya kahawia, akacheka.

"Fundi wa Nairobi! Syokau alikupa nini? Mbuzi?"

"Simjui. Namwona leo."

"Mbona nyota ilikuwa ya dhahabu siku ya mazishi? Tuliiona sote. Shaba gani hiyo inayongoja?"

"Inangoja mvua, mzee."

"Hata mchawi hungoja mvua," akasema, na watu wakacheka naye. Mama Mumbua alikuwa ananitazama kama mtu aliyekuta nyoka kwenye kikapu cha mboga. Nilimwomba mzee wa ukoo twende kaburini. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu kuondoka pale walipocheka.

Tukaenda wote. Nyota ilikuwa mbaya kuliko nilivyofikiri. Nyeusi, yenye madoa ya kijani, kama kidonda cha zamani. Juu yake siku ya mazishi walikuwa wamefunga shada la maua na majani ya nailoni kwa waya, na moja la yale majani ya nailoni lilikuwa limelala limebana kwenye ncha moja ya kushoto. Sijui kwa nini nililigusa. Nikafungua waya, nikaliinua.

Chini yake ile ncha ilikuwa dhahabu. Safi, kama asubuhi niliyoipaka.

Nikamgeukia yule ami. "Mzee, niambie wewe. Mchawi gani anakula ncha nne na kuiacha ya tano kwa sababu imefunikwa na nailoni?"

Mzee wa ukoo akainama, akaitazama, akaikwaruza kwa ukucha. Akatazama ukucha wake. Kisha akavua kofia, na nilipoona amevua kofia nilijua mkutano umekwisha. Yule wa suti ya kahawia alisema inabidi aende kutazama ng'ombe wake.

Mama Mumbua alinijia karibu. Nilidhani atanipiga, na nisingeinua mkono.

"Uliniambia wajukuu wa wajukuu," akasema.

"Nilisema, mwaitu."

"Ulikuwa na dhahabu nyingine?"

Ningeweza kusema sikuwa nayo. "Nilikuwa nayo," nikasema. "Niliiwekea hoteli."

Alikwenda kuketi kando ya kaburi, akaweka mkono kwenye udongo, na hapo ndipo alipolia.

Nikakwaruza ile nyota mpaka mbao, nikapiga msasa, nikapaka nyeupe, nikaketi na kungoja ikauke. Hakuna aliyeniletea maji. Mchana nikafunga fundo langu la gazeti, nikachora upya, nikapaka gundi, nikangoja tena. Watu wengi walikuwa wameshaondoka. Gundi ilipolia kama kipanya nikafungua kijitabu, na jani la kwanza likapeperuka moja kwa moja hadi kwenye migomba. Lile kaburi liko kwenye kilima, na upepo wa alasiri wa Kangundo hauna huruma. La pili likanikunjikia kidoleni. Nilikuwa na majani kumi na moja yamebaki.

"Nahitaji mtu wa kuzuia upepo," nikasema, bila kumtazama yeyote.

Syokau alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu lini. Akafungua leso yake kiunoni, maharagwe mawili yakadondoka, akaishika pembe moja. Leso ina pembe mbili za juu, na mtu mmoja hawezi kuitanda hata akiwa na mikono ya jembe. Alisimama hivyo, upande mmoja umetanda, mwingine unapiga piga upepo. Hakumwita mtu.

Mama Mumbua aliinuka kutoka udongoni. Akaishika ile pembe nyingine.

Walisimama hivyo mpaka nikamaliza, labda saa nzima. Mikono iliwachoka wote wawili, hakuna aliyeishusha. Nami nilifanya kazi nikiwa nimebana pumzi, ndani ya kivuli cha ile leso, jani juu ya jani, na sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile kabla wala baadaye. Nasema kweli, sijisifu. Bango la hoteli nililimaliza kwa rangi ya manjano, na hakuna waziri aliyelalamika.

Nilipomaliza, Mama Mumbua alitazama kwa muda, akaitikia kwa kichwa, akaingia nyumbani. Nilianza kupanga brashi zangu. Syokau alikuwa anakunja leso yake, polepole, mara nne.

"Fundi," akasema. "Hujamaliza."

Nikatazama nyota. Nikatazama jina, tarehe, kila kitu. "Nimekosa nini?"

"Nasikia kule Nairobi huwa unaweka jina lako kwenye kazi yako. Weka. Ikiwa nyeusi tena, waje kwako, wasije kwangu."

Nikafungua kopo la nyekundu. Nikaandika KIOKO, chini kulia, na hiyo ndiyo siku ya kwanza mkono wangu ulipotetemeka.

Mabango yangu yote ya Eastlands yameshapakwa rangi juu, au mwenye duka amehama, au wameweka yale ya plastiki yanayowaka taa. Baa ya Makongeni sasa ni kanisa, na lile kanisa ni ghala la saruji. Nimechoka, sina uchungu nayo. Lakini kila mwaka masika yakiisha mimi hupanda basi kwenda Kangundo kuitazama ile nyota. Syokau hunipa kiti, hunipa uji, na kabla sijaketi huniambia vile vile, bila kucheka: "Nenda kwanza ukaone kama uko salama."